Usiufute Muhuri: Vishikizo, Minyororo na Mabizimu ya Kale ya Fedha kwa Mavazi ya Kiume

Mabibi na mabwana, masonara, mafundi cherehani, na ninyi mnaonunua na kuuza vitu vya kale, asanteni kwa kuitikia mwaliko.

Tunazungumza leo juu ya vitu vidogo mno: vishikizo vya mikono ya shati, pini za tai, minyororo ya saa ya mfukoni, vifungo vya kizibao, mabizimu ya viatu, vikasha vya viberiti vilivyoning'inizwa kwenye mnyororo. Nitashikilia zaidi kazi za Uingereza za tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu ndizo zenye mihuri inayokuwezesha kujua mji, mtengenezaji na mwaka. Na hoja yangu ni moja. Kwenye kitu kidogo cha fedha, karibu kila chenye thamani kiko kwenye ngozi ya juu ya madini: muhuri uko hapo, nakshi iko hapo, alama za mkono wa fundi ziko hapo. Anayekisugua mpaka kimeremete anaivua ngozi hiyo, na hairudi tena.

Tuanze na madini yenyewe. Fedha ya stalingi ni sehemu 925 za fedha katika kila 1000. Sehemu 75 zinazobaki kwa kawaida ni shaba, nayo imo kwa sababu fedha tupu ni laini mno. Bizimu la fedha tupu lingepinda siku ya kwanza. Wengi wetu wa pwani tunaifahamu sarafu ya Maria Theresa, ile riale iliyozunguka Zanzibar na Oman na ambayo masonara wa Oman waliiyeyusha kupata fedha ya hanjari na mapambo. Sarafu hiyo ni 833 katika 1000, kwa hiyo ina shaba zaidi ya mara mbili ya stalingi. Ndiyo maana sonara aliyezoea fedha ya riale asikisie moto wa kulehemu anapoletewa mnyororo wa Kiingereza. Ni madini mengine, na nitalirudia jambo hilo kwenye matengenezo.

Sasa mihuri. Mfumo wa Uingereza ni wa kale: kichwa cha chui kiliwekwa kwa sheria ya 1300, alama ya mtengenezaji ikadaiwa tangu 1363, herufi ya mwaka ikaanza London 1478, na simba anayetembea, ambaye ndiye shahidi wa stalingi, akaja 1544. Kwa hiyo kwenye kishikizo cha Kiingereza tafuta alama nne: herufi za jina la mtengenezaji, simba, alama ya mji, na herufi ya mwaka. Ukikuta na ya tano yenye kichwa cha mfalme au malkia, hiyo ni stakabadhi ya ushuru uliolipwa kati ya 1784 na 1890. Kitu chenye kichwa hicho na herufi ya 1905 hakiwezekani, mkirudishieni muuzaji.

Alama za miji ni chache na zafaa kukaririwa. London ni kichwa cha chui, chenye taji hadi 1821 na bila taji baadaye. Birmingham ni nanga. Sheffield ni taji, mpaka 1974, kisha waridi. Chester ni ngao yenye miganda mitatu ya ngano na upanga. Edinburgh ni ngome yenye minara mitatu, na badala ya simba anayetembea kulikuwa na mbaruti tangu 1759 hadi 1974. Ofisi ya Chester ya kupima na kupiga mihuri fedha ilifungwa 1962, lakini mtaikuta sana kwenye vitu vya wanaume, kwa kuwa watengenezaji wengi wa Birmingham walipeleka kazi zao kupimwa huko. Kwa hiyo muhuri wa Chester hausemi kwamba kitu kilitengenezwa Chester. Unasema kilipimwa Chester, basi.

Herufi ya mwaka ndiyo inayowaponza wengi. Kila ofisi ilikuwa na mzunguko wake. London ilitumia herufi 20, kuanzia A hadi U bila J, kisha ikaanza upya kwa mtindo mwingine wa herufi na umbo jingine la ngao. Birmingham ilikwenda karibu alfabeti nzima: herufi ndogo "a" ni ya 1900, na herufi kubwa "A" iliyofuata ni ya 1925. Hivyo "a" peke yake haina maana yoyote mpaka uwe umeshautambua mji, ukaangalia kama herufi ni kubwa au ndogo, halafu ukalinganisha umbo la ngao. Tena, kabla ya 1975 herufi haikubadilika Januari. London ilibadilisha mwezi Mei na Birmingham mwezi Julai, kwa hiyo "a" ya Birmingham inabeba nusu ya 1900 na nusu ya 1901. Muuzaji makini ataandika 1900/1901.

Na kama hakuna mihuri yote? Msikitupe kitu hicho haraka. Sheria za karne ya 18 zilisamehe vitu vingi vidogo, na hata sheria ya sasa ya Uingereza inasamehe kitu cha fedha kilicho chini ya gramu 7.78. Vifungo vidogo vya kifuani vya shati rasmi mara nyingi vina simba peke yake, au herufi za mtengenezaji peke yake. Jozi ya vishikizo huwa na mihuri kamili upande mmoja na simba tu upande wa pili. Kinachotakiwa ni alama zilizopo zisipingane.

Kuna pia vitu vya nje vilivyoingizwa Uingereza. Tangu 1904 vilipigwa alama yake maalumu pamoja na tarakimu .925: Birmingham ilitumia pembetatu, kwa mfano. Kazi nyingi za Marekani hazina herufi ya mwaka; zimeandikwa tu STERLING. Za Ujerumani zina mwezi mwandamo na taji, na tarakimu kama 800 au 835, yaani si stalingi ingawa ni fedha halali. Za Urusi ya kifalme zina 84, ambayo ni 875 katika 1000. Mkiona EPNS, hiyo ni nikeli na shaba iliyopakwa fedha kwa umeme, ufundi ambao Elkington wa Birmingham aliupatia hataza 1840. Maneno "German silver" na "nickel silver" hayana fedha ndani yake hata chembe. Watengenezaji wa vitu vya kupakwa walipenda kuzipanga herufi zao kwenye ngao ndogo tatu au nne mstari mmoja, ili jicho la haraka lidhani ni mihuri. Mtafute simba au alama nyingine ya stalingi tuliyoitaja. Hakuna, usilipe bei ya stalingi.

Naomba hapa tushike lenzi ya sonara ya mara 10 na tukae kidogo, maana ndipo ulipo utamu wa kazi hii. Muhuri wa kweli ulipigwa kwa nyundo na patasi ya chuma. Patasi iliposhuka ilisukuma madini pembeni, kwa hiyo kingo za ngao ni kali, na ndani ya ngao sakafu ni tambarare. Upande wa nyuma wa bati jembamba mara nyingine utaona uvimbe mdogo pale pigo lilipofika. Sasa chukua kishikizo cha bandia kilichotengenezwa kwa kumimina: aliyekitengeneza alichukua kishikizo cha kweli, akakifanyia kalibu, akamimina fedha. Muhuri umetoka pamoja na umbo, lakini kingo zake ni laini, sakafu ina vishimo vidogo vya hewa, na simba amevimba. Halafu weka vishikizo viwili sambamba. Mihuri iliyopigwa kwa mkono haiwezi kukaa mahali pale pale kwa pembe ile ile kwenye vipande viwili. Mmoja utainama kidogo, mwingine utakuwa karibu zaidi na ukingo. Ikilingana kabisa, pamoja na mikwaruzo yake, mmeshika nakala.

Kama mihuri haisomeki, pimeni uzito kwenye maji kabla ya kufikiria asidi. Funga kitu kwa uzi mwembamba, kipime kikiwa kikavu, kisha kipime kikining'inia ndani ya maji bila kugusa chini wala kuta za chombo, na bila mapovu ya hewa kukiganda. Gawanya uzito mkavu kwa tofauti ya vipimo viwili. Mfano: gramu 20.72 hewani na gramu 18.72 majini, tofauti ni 2.00, jibu ni 10.36. Hiyo ni stalingi. Nikeli ya kupakwa itakupa karibu 8.7, shaba ya manjano karibu 8.5. Mizani iwe inasoma mia moja ya gramu, vinginevyo kwenye kishikizo chepesi mtadanganyika. Na kipimo hiki hakifai kwa kitu chenye uwazi ndani, chenye jiwe, enameli (rangi ya kioo iliyoyeyushwa juu ya madini), springi ya chuma au kilichojazwa lami. Mashine za eksirei za kupimia madini nazo zinasoma juu tu. Kitu kilichopakwa fedha nzito kinaweza kusoma vizuri kuliko stalingi. Asidi itumike mwisho, kwa mkwaruzo mdogo juu ya jiwe la sonara, kamwe si kwa kudondoshea juu ya kitu chenyewe.

Tuje kwenye vitu, kimoja kimoja, si kwa usawa, maana vingine vina mengi ya kusemwa.

Vishikizo vya mikono vya kale vya Kiingereza ni nyuso mbili zilizounganishwa kwa vipete vya mviringo au vya yai. Mnyororo huo ni mfupi, kwa sababu ulikusudiwa mkono wa shati wa tabaka moja uliotiwa wanga mpaka ukawa mgumu. Vipo pia vya fito ngumu, uso mmoja kila upande. Vile vyenye kijiti cha kugeuka nyuma, ambavyo leo tunaviona kila duka, vilitawala baadaye; na vile vya kubonyeza vikaachia sehemu mbili vilipendwa Marekani miaka ya 1920, hasa vya Baer & Wilde wa Attleboro, Massachusetts. Kwa hiyo uso wenye muhuri wa 1895 na kijiti cha kugeuka nyuma yake una maswali ya kujibu. Mara nyingi ulikuwa kifungo cha kizibao au upande mmoja wa jozi iliyovunjika. Geuza uso, puliza pumzi ya mdomo juu yake, utazame haraka kabla mvuke haujaondoka: lehemu ya zamani na ya sasa hupokea mvuke tofauti na fedha inayozizunguka, na mduara wa kitanzi kilichong'olewa hujitokeza wazi. Pumzi hiyo hiyo huonyesha herufi za jina zilizofutwa. Ni kipimo cha bure na hakiumizi chochote.

Ulegevu wa vipete ndio ugonjwa mkuu wa vishikizo hivi. Kila mara mkono unapokunjwa kipete kinasuguana na mwenzake, na ndani yake panalika. Kikifika nusu ya unene wake wa awali, badilisha kipete, usikijaze lehemu, kwa kuwa lehemu ni laini na italika upesi zaidi. Kipete kipya kitengenezwe kwa waya wa stalingi wa unene ule ule, na kifungwe kwa lehemu, si kwa kubana na koleo tu. Ukibana tu, siku ya harusi ndiyo kitakapofunguka.

Je, vishikizo vya mnyororo mfupi vinavaliwa na shati la leo lenye mkono wa kukunja mara mbili? Vinavaliwa, kama kitambaa si kizito. Pima kwa kalipa unene wa tabaka nne zikiwa zimebanwa pamoja, kisha pima nafasi kati ya nyuso mbili mnyororo ukiwa umevutwa. Nafasi izidi unene walau kwa milimita 3 au 4, la sivyo utavunja kipete kwa kulazimisha. Msirefushe mnyororo wa kale. Mwambieni fundi cherehani apunguze kitambaa cha kati cha kukazia mkono, na akate tundu lenye urefu sawa na upana mdogo wa uso pamoja na unene wake. Uso wa yai hupitishwa ubavu, kisha hugeuzwa.

Vifungo vya kola vinahitaji neno moja: vya mbele na vya nyuma si sawa. Cha mbele kina shingo ndefu, kwa kuwa kinapita kwenye ncha zote mbili za ukanda wa shati na ncha zote mbili za kola ya kuvuliwa. Cha nyuma ni kifupi na bapa kisimchome mvaaji shingoni. Seti nyingi zinazouzwa kama kamili zina vya mbele viwili.

Mnyororo wa saa, huu unaoitwa wa Albert kwa jina la mume wa Malkia Victoria, ndio kitu ninachokipenda kuliko vyote katika orodha hii, kwa sababu unajieleza wenyewe. Mnyororo mmoja una kipau chenye umbo la T upande mmoja na kulabu ya springi upande wa pili, na mara nyingi kipande kifupi karibu na kipau cha kuning'iniza nishani. Mnyororo wa pande mbili una kulabu pande zote, na kipau katikati. Kipau kinapita kwenye tundu la kifungo cha kizibao, saa inaingia mfuko mmoja, na mfuko wa pili unapokea kikasha cha viberiti au cha sarafu. Kwenye mnyororo mzuri wa Kiingereza kila kipete kimepigwa simba, na kipau kina mihuri kamili. Hesabu vipete, kimoja baada ya kingine, kwa lenzi. Kipete kisicho na simba ni kiraka. Tazama pia ukubwa: kwenye minyororo ya kupungua, vipete vinaanza vikubwa na vinapungua taratibu kuelekea kulabu. Kama kuna mahali ukubwa unaruka ghafla, mnyororo ulikatika hapo na vipete vikapotea.

Halafu ushike ukiwa umelegea na utazame ndani ya kila kipete, pale kinapogusana na jirani yake. Kwa nje kipete kinaweza kuonekana kinene, na ndani kimebaki uzi. Vipete vya karibu na kulabu ndivyo vinavyokufa kwanza, kwa kuwa vinabeba uzito wa saa na kusukwasukwa mfukoni. Mnyororo wa namna hii usibebe saa mpaka urekebishwe. Unaweza kuuvaa kwa nishani tu.

Kulabu ina springi ya chuma ndani. Ndiyo sababu mnyororo hauchovywi kwenye dawa wala kuachwa ndani ya maji: maji yanaingia, springi inashika kutu, na kutu inavimba na kupasua kijumba cha fedha. Ukisafisha, ning'iniza kulabu nje ya chombo. Tone moja la mafuta ya saa mwishoni mwa sindano latosha.

Mabizimu ya viatu ni mlango mwingine, na historia yake ni ya kusikitisha kwa upande wa mafundi. Karne ya 18 ilikuwa enzi yake. Birmingham na miji jirani iliishi kwa mabizimu na vifungo, na Matthew Boulton, aliyekuwa akitengeneza vitu hivyo hivyo, ndiye aliyesukuma mpaka Birmingham na Sheffield zikapewa ofisi zao za upimaji mwaka 1773. Kisha mtindo ukageuka kuelekea kamba za viatu. Mwaka 1791 watengenezaji wa mabizimu walimwendea mwana wa mfalme, Prince of Wales, wakamwomba avae mabizimu ili watu wamwige. Alikubali, na bado mtindo ukafa. Kwa mnunuzi wa leo, jambo la kuangalia ni kwamba fremu tu ndiyo ya fedha. Ulimi na uma wa nyuma ni wa chuma, ukizunguka kwenye mhimili uliopita ndani ya fremu. Chuma kikishika kutu hupasua fremu kwenye tundu la mhimili. Chunguza hapo kabla ya kitu kingine. Uma uliong'olewa unapunguza thamani, na wengi waling'oa ili kugeuza bizimu kuwa bruchi.

Pini za tai za kale zilikusudiwa skafu nzito za hariri. Nusu ya kijiti ina msokoto, na msokoto huo ndio unaoizuia kuteleza. Ukiona kijiti kimelainishwa, huenda mtu amebadilisha. Tai ya leo ya hariri nyembamba itafunguka nyuzi ukiichoma mara kwa mara mahali pamoja, kwa hiyo pini hizi zivaliwe na tai ya sufu au ya kufuma. Kibanio cha tai, ambacho ni kitu cha karne ya 20, kisiwe kipana kuliko tai. Robo tatu ya upana inapendeza, kati ya kifungo cha tatu na cha nne cha shati, na meno yake yashike tai pamoja na ukanda wa vifungo vya shati.

Vikasha vya viberiti nitavigusia tu. Ni vya hasa kati ya 1880 na 1920, vina mfuniko wa bawaba na sehemu yenye mifereji ya kuwashia chini. Fosforasi na salfa ya viberiti imekula ndani, kwa hiyo weusi wa ndani ni wa haki yake. Bonyeza ubavu kwa dole gumba bila nguvu: bati likiitikia kama mfuniko wa kopo, herufi za jina zilifutwa hapo na unene umekwenda. Sampson Mordan wa London alitengeneza vyenye enameli vinavyotafutwa mno, na ndiyo sababu enameli mpya hupakwa juu ya vikasha vya kawaida vya zamani. Enameli ya kweli ikitazamwa kwa lenzi ina ukingo uliozama ndani ya fedha. Ya rangi ya kisasa imekaa juu na ncha ya sindano inaikwaruza.

Sasa matengenezo na usafi, ambako vitu hivi vinauawa na watu wanaovipenda.

Lehemu ya risasi ndiyo adui wa kwanza. Mtu alikuwa na kishikizo kilichovunjika, akampa fundi redio, fundi akaweka tone la risasi la kijivu. Linashika, lakini siku sonara mwingine atakapopasha moto wa fedha, risasi itaingia ndani ya fedha na kuitoboa matundu. Kabla ya moto wowote ondoa risasi yote, kwa kukwangua na kufuta, mpaka lenzi haioni kijivu tena. Kisha tumia lehemu ya fedha. Lehemu hizo huyeyuka takriban kati ya nyuzi joto 700 na 780, na stalingi yenyewe huanza kuyeyuka muda mfupi baada ya 800. Nafasi ni ndogo. Kwenye kitu cha kale chagua lehemu rahisi, yaani inayoyeyuka kwa joto la chini, kwa kuwa hujui viungo vya zamani vililehemiwa kwa lehemu gani. Penye enameli, jiwe au springi moto usipite kabisa. Hiyo ni kazi ya mashine ya leza, na kama haipo mjini, bora kitu kikae kimevunjika.

Moto wa wazi unaleta pia doa la moto: shaba iliyo ndani ya stalingi inaungana na hewa na kuacha wingu la zambarau-kijivu chini ya uso. Kulizuia, paka kitu chote boraksi au asidi ya boriki iliyokorogwa kwenye spiriti kabla ya kupasha. Likishatokea, watu hulifuta kwa gurudumu la kung'arishia, na hapo nakshi na muhuri huondoka pamoja nalo. Vitu vingi vya kale vina doa hili tangu kiwandani. Liacheni.

Weusi wa kawaida ni fedha iliyoungana na salfa ya hewani. Unyevu unauharakisha, na hewa ya bahari inaongeza chumvi, kwa hiyo Tanga, Mombasa au Unguja kitu kitafubaa haraka kuliko Arusha au Nairobi. Kwetu tumezoea kusugua shaba kwa ndimu, ukwaju na majivu. Kwa stalingi msifanye hivyo. Asidi ya ndimu inaitafuna shaba iliyo ndani na kuharibu uso, na majivu yana chembe ngumu za kukwaruza. Dawa ya meno ni vivyo hivyo. Maji ya kuchovya yanayouzwa kwenye chupa yanaondoa weusi kwa sekunde, lakini yana asidi, yanaingia kwenye bawaba na mashimo, na yanaondoa hata weusi uliowekwa kwa makusudi kwenye mabonde ya nakshi, mpaka nakshi inaonekana kama imechorwa kwa chaki.

Fanyeni hivi. Maji vuguvugu lita moja, matone machache ya sabuni ya vyombo isiyo na limau, brashi laini ya manyoya. Osha, suuza kwa maji ya betri yasiyo na asidi, yaani maji yaliyosafishwa kwa mvuke, kwa kuwa maji ya bomba yana klorini na ya visima vya pwani yana chumvi. Kausha kwa pamba, halafu kwa hewa baridi ya mashine ya nywele. Mara nyingi hapo imetosha. Kama weusi bado unakera, chukua unga laini wa chaki safi, wa kabonati ya kalisi, uukoroge na maji hayo na spiriti kidogo mpaka uwe uji mzito, uupake kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, na uvute kwa mstari mmoja, usizungushe. Ukifika kwenye mihuri, ruka. Ukifika kwenye mabonde ya nakshi, ruka. Suuza chaki yote, kwa kuwa ikibaki inakauka na kuwa nyeupe kwenye pembe.

Njia ya karatasi ya alumini mmeisikia: maji ya moto, vijiko viwili vya magadi ya kuokea kwa lita, kitu kikigusa alumini. Inafanya kazi kweli, kwa kuwa inarudisha fedha iliyoungana na salfa kuwa fedha tena bila kusugua. Lakini inafaa kwa kitu cha stalingi tupu, kisicho na nakshi ya weusi, jiwe, gundi, enameli, lami wala chuma. Kati ya vitu tulivyotaja leo, kilichobaki ni kishikizo kisicho na mapambo na kipau cha mnyororo.

Baada ya kuvaa, futa kitu kwa pamba laini kabla hujakiweka, maana jasho lina chumvi na alama ya kidole inaweza kujichora kwenye uso usioguswa siku nyingi. Manukato yapulizwe kabla ya kuvaa. Kwenye hifadhi, msitumie sufu, mpira, gazeti, wala mifuko ya plastiki ya PVC: sufu na mpira vina salfa, na bendi ya mpira inaacha mstari mweusi hata kukiwa na karatasi katikati. Funga kila kipande peke yake kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kusuuzwa bila wanga, kisha mfuko wa polithini, kisha sanduku lenye pakiti za kunyonya unyevu. Pakiti hizo zikaushwe tena kila zinapobadilika rangi. Mnyororo ulazwe umenyooka, kulabu ikiwa imefungwa, na kabla ya kumpelekea sonara kazi yoyote piga picha ya mihuri yote kwa karibu, huku rula ikiwa pembeni, na uandike uzito kwa mia moja ya gramu.